Kwa nini tovuti nyingine zinafunguka chap, nyingine zinagoma?

Wadau wa kafe, dakika zinakatika, hela inakwenda, ukurasa bado unazunguka tu. Usiilaumu kompyuta kwanza. Inawezekana unachokisubiri kinatoka mbali mno.

Chukua mchele wetu wa Ubaruku. Mtu wa Dar akitaka kilo mbili hapandi basi kuja Mbarali. Mfanyabiashara keshashusha mzigo Dar, anaununua hapo hapo mtaani. CDN, yaani mtandao wa kusambaza maudhui, ni hivyo hivyo. Tovuti inabaki kwenye seva yake, tuseme Ulaya, ila nakala za picha, video na kurasa zinawekwa kwenye seva za miji mingi. Wewe unahudumiwa na iliyo karibu. Akamai ya Marekani ilianzishwa mwaka 1998 kwa kazi hiyo, na Cloudflare ina seva mpaka Dar es Salaam.

Mnakumbuka Mei 12, 2024? Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Nakala iliyoko Dar haina haja ya kuvuka bahari.

Ila CDN si dawa ya kila kitu. Kulipa au kuangalia salio lazima kuulizwe seva mama. Na picha ya MB 5 itakuchelewesha hata ikitoka Dar.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuuza mchele mtandaoni, punguza picha kwanza, halafu jiunge na CDN, za bure zipo. Mteja anayelipia dakika hasubiri. Kazi kwenu!