Mshale wa Mwanangu na Rangi ya Midomo

Ijumaa moja nilitoka zamu ya usiku, nikafika nyumbani Khuwair ya Kusini jua likianza kuuma. Kijana wangu wa miaka 15 alikuwa ameketi sebuleni, upinde magotini.

"Mama, tuuuze tu," akaniambia. "Mishale inakwenda inakotaka."

Upinde ule niliununua kwa malipo ya zamu za ziada, lakini si pesa iliyoniuma. Mzazi wa ughaibuni akilala mchana na kufanya kazi usiku, mtoto hukua bila yeye kujua. Saa zetu mbili za uwanjani kila wiki ndizo tunazozungumza bila simu mkononi.

Upinde wenyewe si kama ule wa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Ni kampaundi, wenye magurudumu na waya, uliobuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen, aliyepata hataza mwaka 1969. Utaingia Olimpiki mara ya kwanza Los Angeles 2028. Mwanangu alikuwa ameufunga kiegemeo kipya, kile kinachoanguka: hubeba mshale upinde unapovutwa, kisha hulala chini unapoachiliwa, ili manyoya ya mkiani yapite bila kugusa kitu.

Tulikwenda uwanjani tukaanza upya.

Kufunga. Kiegemeo hushikwa na bolti kwenye tundu la mpini. Ukiutazama mshale kwa ubavu, upite usawa wa katikati ya tundu hilo na ufanye pembe mraba na upote, yaani uzi wa upinde. Ukiutazama kwa nyuma, ulingane na upote. Kaza kwa alenki, bila kutumia nguvu nyingi.

Kamba. Kiegemeo chetu huinuliwa na kamba nyembamba iliyofungwa kwenye waya unaoshuka upinde unapovutwa. Kinatakiwa kumaliza kuinuka katika sentimita 3 hadi 5 za mwisho za kuvuta. Kamba ikilegea, hakiinuki sawasawa. Ikikaza mno, huwahi kuinuka na huchelewa kuanguka, manyoya yakakigonga.

Tutajuaje? Nikatoa rangi yangu ya midomo, tukapaka kingo za manyoya. Alipopiga mshale mmoja tu, kiegemeo kilibaki na mstari mwekundu. Kamba ilikuwa imekazwa mno! Tukailegeza kidogo kidogo hadi mstari ukatoweka.

Karatasi. Tandaza karatasi kwenye fremu, shabaha ikiwa nyuma yake, upige ukiwa umbali wa mita 2 hivi. Tundu moja safi lenye alama za manyoya pande zote ni dalili njema. Mkia ukichana juu ya ncha, pandisha kiegemeo kidogo. Ukichana chini, kishushe. Rekebisha kitu kimoja tu kila mara, nusu milimita inatosha, kisha piga tena. Baada ya mishale 50 hivi, kagua fundo la kamba, maana kamba mpya hunyooka.

Sasa niseme kama muuguzi. Usivute upinde ndani ya nyumba, hata kwa kujaribu kamba. Vuta uwanjani tu, mshale ukielekea kwenye shabaha. Usiuachilie bila mshale: nguvu zote hurudi kwenye upinde, ukaweza kuvunjika na kumjeruhi aliyeushika. Na kabla ya kupiga, kunja mshale wa kaboni taratibu ukisikiliza mlio wa ufa. Mshale uliopasuka unaweza kuingia mkononi, na kuvitoa vipande vyake si kazi ya nyumbani.

Siku ile mishale yake mitano ya mwisho ilikaa pamoja, nafasi ya kiganja. Neno la kuuza halikurudi. Tukiwa njiani, tukikaribia Msikiti wa Said bin Taimur, akaanza kunisimulia mambo yanayomsumbua shuleni, ambayo sikuwahi kuyasikia. Nikapunguza mwendo wa gari ili tusifike upesi.