Huna mashua? Subiri maji: sayansi ya kuvua kwa mshipi juu ya majabali ya Tanga

Ukipita Raskazone jioni utawakuta watu wamesimama juu ya majabali, mshipi mkononi, macho baharini. Hawana ngalawa wala mashine. Wana ndoana, kipande cha risasi, chambo, na mshipi uliozungushiwa kwenye chupa tupu ya maji. Mmoja atasimama pale masaa manne aambulie patupu. Mwingine atakuja kwa saa moja tu na kuondoka na kolekole wawili wa kitoweo.

Watu watakwambia ni bahati. Sawa, bahati ipo. Lakini sehemu kubwa ya jibu iko kwenye hesabu ya mwezi, na hesabu yenyewe siyo ngumu. Uzuri wake ni kwamba inakupa vitu viwili kwa mpigo: inakwambia samaki atasogea lini, na inakwambia wewe uondoke lini kabla bahari haijakufungia njia. Hilo la pili ndilo linalookoa maisha, kwa hiyo tafadhali soma mpaka mwisho.

Samaki anafuata nini pwani?

Katika nchi za baridi kama Norway, watu husimama juu ya miamba ya bahari kuvua samoni. Samoni hukulia baharini, halafu hurudi kuzaa kwenye mto alikozaliwa, na njiani hupita karibu na nchi kavu. Mvuvi hamfuati, anamsubiri njiani.

Tanga hatuna samoni, maji yetu ni ya moto mno kwake. Lakini kanuni ni ileile: tafuta sababu inayomleta samaki karibu na nchi, kisha simama hapo. Kwetu sababu kubwa ni chakula, na kinachosogeza chakula ni maji kujaa na kupwa.

Majabali unayoyaona pale ni matumbawe ya kale. Yalikuwa hai chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati usawa wa bahari ulikuwa juu kuliko leo. Sasa yamebaki juu na mawimbi yanayachimba kwa chini. Kwenye mashimo yake wanakaa kaa, kome na samaki wadogo. Kila wimbi linapopiga, linabandua vijidudu na kuchanganya hewa kwenye maji. Vidagaa wanakuja kula, changu na chewa wanawafuata vidagaa, kolekole na mzia wanakuja kuwabana wote hao ukutani.

Ongeza na mito. Zigi na Mkulumuzi inatoka milimani upande wa Usambara na kumwaga maji yake hapo hapo kwenye ghuba ya Tanga, penye mikoko. Mikoko ni chekechea ya samaki. Maji yakianza kupwa, mkondo unawatoa wadogo kwenye mizizi na kuwapeleka nje, na wakubwa wanajua hilo. Wanasubiri kwenye kona, mkondo uwaletee.

Kwa hiyo samaki wanasogea pale maji yanapotembea. Maji yakisimama, nao wanapoa.

Ratiba ya maji

Mwezi unavuta bahari. Upande wa dunia unaotazama mwezi unavutwa zaidi, upande wa nyuma unavutwa kidogo, na tofauti hiyo inafanya maji yainuke pande zote mbili. Dunia inapojizungusha, pwani yetu inapita kwenye miinuko yote miwili, ndiyo maana maji yanajaa mara mbili kwa siku. Ila mwezi nao unatembea, kwa hiyo kila siku maji yanachelewa, kwa wastani dakika 50.

Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja. Hapo tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya mita 3 na zaidi. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi vinavuta kwa kukinzana, tunapata maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo, mita 1 hivi.

Sasa tumia hesabu. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Ndo maana kina mama wanaotafuta pweza utawaona miambani asubuhi siku za bamvua. Baada ya siku 7, dakika 50 mara 7 ni dakika 350, yaani karibu masaa sita. Ratiba imegeuka kabisa: maji mafu yanajaa saa 4 na kupwa saa 10. Ukijua mwezi uko siku ya ngapi, unaweza kukadiria maji bila simu. Wazee wa pwani wanafanya hesabu hii kichwani kila siku.

Kasi ya maji nayo ina utaratibu. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama masaa sita. Gawa tofauti ya maji katika mafungu 12. Saa ya kwanza linaondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani katikati ndipo maji yanakimbia kweli, mwanzoni na mwishoni yanajivuta.

Halafu kuna mwanga. Samaki wawindaji kama kolekole hupenda machweo na mapambazuko. Mwanga unapofifia, macho ya vidagaa yanapoteza uwezo haraka kuliko ya anayewawinda. Kwetu jua linazama kati ya saa 12 na saa 1 jioni. Unganisha sasa: siku ya bamvua maji yamejaa saa 10, kwa hiyo ikifika saa 12 na nusu yako katikati ya kupwa, yanakimbia kwa nguvu. Hiyo ni jioni ya kukaa karibu na mlango wa ghuba. Siku ya tatu au ya nne baadaye, maji yanajaa machweo yenyewe, na samaki wanaweza kufika mpaka chini ya miguu yako. Hiyo ni jioni ya kukaa kwenye jabali. Yule jamaa wa kolekole wawili pengine alikuja siku hiyo, na saa hiyo.

Kurusha: fizikia ya chupa na risasi

Usiidharau ile chupa. Unapourusha mshipi, unaielekeza chupa baharini na mshipi unachomoka kwa mbele, mzunguko mmoja mmoja, bila chupa yenyewe kuzunguka. Kwa kuwa hakuna kitu kizito cha kuzungusha, nguvu yote inabaki kwenye chubwi. Mashine nyingi za kuvulia zinazouzwa madukani zinatumia wazo hilohilo.

Chubwi inaruka umbali gani? Tuseme unaizungusha kwenye mshipi wa mita 1, mizunguko 2 kwa sekunde. Kasi yake ni mita 12.6 kwa sekunde, na ukiiachia kwa nyuzi 45, bila kuhesabu upinzani wa hewa, itaangukia mita 16. Ukiizungusha mara 4 kwa sekunde haifiki mita 32, inafika mita 64. Kasi ikiongezeka mara mbili, umbali unaongezeka mara nne. Hewa na uzito wa mshipi vitakupunguzia, lakini kanuni haibadiliki: tafuta kasi, usitafute chubwi kubwa.

Muda wa kuachia ndo unawashinda wengi. Chubwi ikiachiwa haiendelei kuzunguka, inakwenda moja kwa moja upande iliokuwa inaelekea sekunde ile. Kama unaizungusha kutoka nyuma kupitia juu ya kichwa, iachie kabla haijafika juu kabisa. Ukichelewa, itakita majini mbele yako. Na kabla ya yote, angalia nyuma: ndoana haijui nani ni samaki na nani ni mwenzako.

Kwa nini risasi na siyo jiwe? Risasi ni nzito zaidi ya mara 4 kuliko jiwe la ukubwa uleule. Kwa uzito sawa, jiwe linaionesha hewa uso mpana zaidi ya mara mbili na nusu, kwa hiyo linapunguzwa mwendo mapema. Ila risasi ni sumu. Usiing'ate kwa meno, na nawa mikono kabla ya kula.

Lakini kurusha mbali siyo kila kitu. Maji yakijaa, changu anaweza kuwa mita 10 tu kutoka ulipo, chini ya jabali. Anayerusha mita 50 anamruka.

Bahari inadai muda wake

Sasa lile la muhimu. Rudi kwenye mafungu 12. Bamvua kubwa ikiwa na tofauti ya mita 3.6, kila fungu ni sentimita 30. Saa ya tatu ya kujaa, maji yanapanda sentimita 90. Hiyo ni sentimita moja na nusu kila dakika. Ukiwa umetoka mpaka jabali la nje wakati wa kupwa, maji hayaanzi kukufikia kwa mbele. Yanaingia kwanza kwenye mifereji ya chini iliyo nyuma yako. Wewe uko pakavu, unaona kila kitu shwari, kumbe njia ya kurudi imeshafika kiunoni, na dakika 30 mbele itakuwa shingoni. Kwa hiyo kabla ya kutupa ndoana, jua saa ambayo maji yanaanza kujaa, na weka saa ya kuondoka. Samaki akila dakika ya mwisho, ondoka hivyohivyo.

La pili ni wimbi kubwa. Mawimbi hayalingani. Ukichukua urefu wa wastani wa lile theluthi moja la mawimbi makubwa zaidi, nadharia inasema kati ya mawimbi 1,000 tegemea moja linalokaribia mara mbili ya urefu huo. Yakija kila sekunde 6, mawimbi 1,000 ni saa 1 na dakika 40. Yaani ukikaa jioni nzima, hilo wimbi siyo ajali, ni miadi. Kipindi cha kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, upepo unatoka kusini mashariki na bahari inachafuka zaidi. Kabla hujachagua pa kusimama, tazama bahari dakika 20. Jabali lililolowa, au lenye utelezi wa kijani, ni pahali bahari huwa inafika. Simama juu ya hapo. Na usisimame ukingoni, maana chini yako mara nyingi pameshachimbwa, ni kama kibaraza kisicho na nguzo.

La tatu, usiende peke yako, na beba dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko na kamba ndefu. Dumu hilo likizamishwa linasukuma maji ya kilo 20, wakati mtu aliye majini anahitaji kilo chache tu za kumwinua ili kichwa kibaki juu. Mwenzako akianguka, usiruke. Mtupie dumu. Aliyeanguka asiparamie jabali pale wimbi linapopiga, asogee kwanza mbali na mwamba, ashike dumu, kisha mtafute pahali pa utulivu pa kutokea.

Samaki wa kesho

Mshipi unamkamata samaki mmoja mmoja, na mdogo unaweza kumrudisha akiwa hai. Baruti haiwezi hivyo. Inaua wakubwa, wadogo na matumbawe wanayoishi, na Tanga imeumia kwa baruti miaka mingi ingawa Sheria ya Uvuvi ya 2003 inaikataza. Mwamba uliovunjwa hauna mashimo ya vidagaa, na pasipo vidagaa kolekole hana sababu ya kusogea pwani. Anayeumia kwanza ni yule asiye na chombo cha kwenda mbali, yaani wewe wa juu ya jabali.

Ukielekea kusini, upande wa Mwambani na Kigombe, unaingia Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa 2009 baada ya samaki huyo wa kale kunaswa kwenye majarife ya kina kirefu. Huko uliza kwanza taratibu za hifadhi kabla ya kutupa ndoana.

Leo usiku toka nje uangalie mwezi. Kadiria maji yatajaa saa ngapi kesho, kisha nenda pwani ukahakiki kwa macho, bila mshipi. Ukipatia siku tatu mfululizo, umeshapata nusu ya uvuvi.