Moshi Mweusi si Nguvu

Wengi wetu wa pwani, tukiona lori linatoa moshi mweusi mlimani, husema, "Hilo lina nguvu!" Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipofika Machakos ndani ya lori la jamaa yangu wa Mombasa, lililobeba magunia ya chumvi.

Tangu Sultan Hamud lilipumua kwa taabu, likiacha wingu jeusi nyuma. Tulipofika mjini jamaa yangu akaenda moja kwa moja gereji. "Mzee wangu, nifungulie pampu. Niongezee mafuta nipate nguvu."

Fundi, mzee wa Kikamba, akacheka. "Mwanangu, mafuta unayo mengi mno. Unachokosa ni hewa."

Akatueleza. Mtambo wa dizeli hauwashwi kwa cheche za plagi. Hewa hubanwa mpaka ikapata moto mkali, kisha mafuta hupulizwa ndani yakawaka yenyewe. Ndio ubunifu wa Rudolf Diesel, ambao mtambo wake ulijaribiwa ukafaulu Ujerumani mwaka 1897. Lakini Machakos iko kiasi cha mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika saba. Mtambo usio na turbo, pampu yake ikiwa imepimwa pwani, hapa humwagiwa mafuta yasiyopata hewa ya kuyachoma. Huo ndio moshi. Ukizidi kuongeza, joto laweza kuyeyusha pistoni.

"Basi nivutie taimingi," akasema jamaa yangu.

"Nayo ina mpaka wake," mzee akajibu. Mafuta yakitangulia mno, mtambo hugonga kama nyundo, pistoni na gasketi zikaumia. Yakichelewa, nguvu hupotea na bomba la moshi likachemka. Tofauti ni digrii chache tu.

Alipopima akakuta taimingi imechelewa. Akairudisha palipoagizwa na watengenezaji, akapunguza mafuta kidogo, akakung'uta chujio la hewa lililojaa vumbi. Sala ya Alasiri ikatukuta hapo. Mzee akatupa maji ya kutawadha.

Tulipoondoka, lori halikuruka kama swala, lakini lilipanda bila moshi. Fundi angeweza kufungua pampu, akalipwa na kusifiwa siku ile. Alikataa, kwa kuwa nyuma ya lori ilikuwako mali ya watu, na mbele roho zetu. Hiyo ndiyo amana.