Kutoka Kipaji Hadi Biashara: Hesabu Siku Zako Kabla ya Kutaja Bei

Ukisafiri kutoka mjini Kakamega kuelekea Kisumu, utapita Ilesi, karibu na Khayega, na hutahitaji kibao cha kukuambia umefika. Vyungu vimepangwa kando ya barabara: vya maji, vya kupikia mboga, vya maua, vikubwa kwa vidogo. Ufinyanzi huu wa Waisukha umepokezanwa mama kwa binti tangu kabla ya barabara yenyewe kuwekwa lami.

Hata hivyo, mtu anaweza kufinyanga vizuri, akauza kila wiki, na bado akakosa pesa ya karo muhula unapofunguliwa. Mara nyingi tatizo si ustadi wala uvivu. Tatizo ni kwamba bei ilitajwa kabla ya hesabu kufanywa.

Makala haya yanamlenga mkazi yeyote mwenye kazi ya mikono anayoipenda na anayetaka imlipe: anayesuka vikapu na mikeka, anayefuma masweta au vitambaa vya viti, anayechonga mbao, anayetengeneza mapambo ya shanga. Tutatumia chungu kama mfano kwa sababu wengi wetu tunakifahamu. Badala ya udongo weka uzi, ukindu au mbao, na hesabu itabaki ile ile.

Hesabu ya chungu kimoja

Tuseme mama mmoja anafinyanga vyungu 20 vya ukubwa wa wastani kwa mkupuo mmoja. Bei zifuatazo ni za mfano tu, weka zako.

Udongo: shilingi 600
Wa kumsaidia kubeba: shilingi 300
Kuni na nyasi za kuchomea: shilingi 900
Usafiri hadi sokoni: shilingi 400
Ada ya soko: shilingi 100
Jumla: shilingi 2,300

Wengi hugawa 2,300 kwa vyungu 20 na kupata shilingi 115 kwa chungu. Kisha huuza kwa shilingi 200 wakiamini wanapata faida ya 85. Hapo kuna makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kuhesabu vyungu vilivyoingia motoni badala ya vile vilivyotoka vikiwa vizima. Vinne vikipasuka, vya kuuza ni 16. Gawa 2,300 kwa 16 na gharama ya chungu inapanda hadi takriban shilingi 144.

Kosa la pili ndilo kubwa: siku zake mwenyewe hazimo kwenye hesabu. Kukanda udongo, kufinyanga, kulainisha, kuchoma na kwenda sokoni kumemchukua, tuseme, siku sita za kazi. Kama angeenda kufanya kibarua cha shamba kwa shilingi 400 kwa siku, angerudi nyumbani na 2,400. Ukijumlisha 2,300 na 2,400 unapata 4,700. Gawa kwa 16, na gharama halisi ya chungu kimoja ni takriban shilingi 294.

Sasa rudi kwenye bei ya 200. Vyungu 16 vitaleta 3,200. Ukitoa gharama za 2,300, anabaki na 900. Hiyo 900 si faida. Ni malipo ya siku sita, yaani shilingi 150 kwa siku. Amejiajiri kwa mshahara ambao yeye mwenyewe asingeukubali shambani kwa mtu mwingine.

Akiuza kwa 350, vyungu 16 vitaleta 5,600. Atoe 2,300 za gharama, ajilipe 2,400 za siku zake, na atabaki na 900. Ni 900 ile ile, lakini hii sasa ni ya biashara: ya kununua udongo wa mkupuo ujao, ya kuweka akiba, ya kukabili mwezi wa mvua nyingi.

Je, wanunuzi wakikataa 350? Kushusha bei hadi 200 hakutatui jambo; kunahamisha hasara kutoka kwa mnunuzi hadi kwako. Ukiona soko halifiki gharama yako, una njia tatu: punguza gharama, tengeneza kitu ambacho watu wako tayari kukilipia zaidi, au endelea kukifanya kwa raha yako bila kukitegemea kwa unga. Njia hizo zote ni za heshima. Kinachoumiza ni kufikiri unafanya biashara kumbe unatoa msaada.

Punguza vinavyoharibika

Katika kazi ya mikono, faida ya kwanza hupatikana kwa kupunguza vinavyoharibika. Kwenye mfano wetu, vikipasuka vyungu 2 badala ya 4, vya kuuza vinakuwa 18, na gharama ya kila kimoja inashuka kutoka takriban 294 hadi 261 bila kuongeza hata shilingi moja ya mtaji.

Chungu hupasuka motoni hasa kwa sababu ya maji yaliyobaki ndani ya udongo. Moto ukipanda haraka, maji hayo hugeuka mvuke na kusukuma kuta za chungu. Kwa hivyo kausha polepole kivulini, mbali na upepo mkali, na usiharakishe hata kama mteja anapiga simu. Kwetu Kakamega mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na kuanzia Machi hadi Mei huwa nyingi zaidi. Miezi hiyo vyungu huhitaji siku zaidi za kukauka. Mchanga au vigae vilivyopondwa na kuchanganywa na udongo pia husaidia chungu kustahimili moto. Siku ya kuchoma, washa moto mdogo kwanza, vyungu vipate joto taratibu, ndipo uongeze kuni.

Mfumaji atafute uzi usiotoa rangi. Mchongaji akaushe mbao kabla ya kuchonga. Kila kazi ina kitu chake kinachopasuka.

Tengeneza kinachohitajika leo

Zamani kila boma lilihitaji chungu cha maji na cha kupikia. Siku hizi mtungi wa plastiki na sufuria vimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Wafinyanzi waliobaki sokoni ni wale waliotazama mahitaji mapya.

Mfano mzuri ni jiko la Upesi. Katika miaka ya 1980 jiko la kuni lenye kifuko cha udongo uliochomwa lilianza kusambazwa vijijini kupitia shirika la Maendeleo ya Wanawake, na kwa sababu hiyo likaitwa Maendeleo. Baadaye likajulikana kama Upesi. Katika miaka ya 1990 vikundi vya akina mama hapa magharibi mwa Kenya vilifunzwa kulitengeneza na kuliuza. Lilikuwa udongo ule ule na mikono ile ile, lakini lilijibu shida ya wakati huo: kuni zilikuwa zimeanza kuwa adimu, na jiko hilo hutumia kuni chache kuliko mafiga matatu.

Tuzingatie pia namna lilivyotengenezwa. Vifuko hivyo vilifinyangwa kwa kutumia kalibu ili vyote viwe na kipimo kimoja. Anayenunua kimoja leo na kingine mwakani hupata kitu kile kile. Anayefinyanga kwa kujifurahisha anaweza kutengeneza kila chungu kwa umbo lake. Hoteli inayoagiza vyungu 30 vya maua inataka 30 vinavyofanana, siku mliyokubaliana. Kabla ya kukubali oda kubwa, jiulize kama unaweza kurudia kitu kimoja mara 30, na uombe malipo ya awali yanayotosha angalau malighafi.

Angalia pia kalenda. Desemba jamaa hurudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa wakiwa na pesa ya kununua zawadi. Januari pesa nyingi huenda kwenye karo. Tengeneza Oktoba na Novemba utakachouza Desemba.

Jina, kibali na ushuru

Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Sana ya mwaka 2012 inatambua kama biashara ndogo sana ile yenye wafanyakazi chini ya 10 na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka. Kwa hivyo anayefuma masweta sebuleni naye ana nafasi katika sheria.

Ukiuza kwa jina lako halisi, si lazima usajili jina la biashara. Ukitaka kutumia jina jingine, lisajili kupitia eCitizen. Utahitaji kitambulisho na namba ya PIN ya KRA. Kama huna simu ya intaneti, Kituo cha Huduma mjini Kakamega kitakusaidia.

Ukifungua duka au karakana, utahitaji kibali cha biashara cha kaunti kwa mwaka huo. Ukiuza katika soko la wazi, utalipa ada ya soko ya siku. Katika hali zote mbili dai risiti rasmi na uihifadhi. Bila risiti huna ushahidi kwamba umelipa. Ulizia ada ya aina ya biashara yako katika ofisi ya mapato ya kaunti ndogo yako kabla ya kukodisha chumba, ili uiingize kwenye hesabu ya bei.

Mwenye PIN anatakiwa kuwasilisha ripoti ya mapato kwa KRA kila mwaka kabla ya Juni 30 kuisha. Biashara ambayo mauzo yake yanazidi shilingi milioni 1 kwa mwaka lakini hayazidi milioni 25 hutozwa ushuru wa mauzo, maarufu TOT, wa asilimia 3. Asilimia hiyo hutozwa kwenye mauzo yote, si kwenye faida pekee. Ukikaribia kiwango hicho, pata ushauri mapema.

Mkopo ulingane na kazi

Mtaji wa kwanza na ulio salama zaidi ni akiba yako na ya chama chako. Tenga pesa za biashara na za nyumbani: tumia Pochi la Biashara au namba ya kulipia, na uwe na daftari la kuandika kilichoingia na kilichotoka kila siku.

Ukitaka kukopa, soma muda wa kulipa kabla ya kusoma kiasi. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ilianza na mikopo ya mtu binafsi ya kati ya shilingi 500 na 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, inayolipwa ndani ya siku 14. Mkopo wa siku 14 unamfaa anayenunua shanga leo na kuuza bangili keshokutwa. Chungu huweza kuchukua wiki mbili au zaidi kukauka, kuchomwa na kufika sokoni. Siku ya kulipa itafika chungu kikiwa bado kivulini.

Kwa kazi inayochukua muda, mkopo wa kikundi hufaa zaidi. Hazina ya Uwezo hukopesha vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu bila riba, ila kuna ada ya usimamizi ya asilimia 3. Hazina ya Wanawake, iliyoanzishwa 2007, nayo hukopesha vikundi. Kikundi lazima kiwe kimesajiliwa. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kinahitaji wanachama wasiopungua 10. Anzia kwa afisa wa maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yako.

Linda chanzo cha malighafi

Udongo na kuni vina mwenyewe. Kubaliana na mwenye shamba kabla ya kuchimba, ikiwezekana kwa maandishi. Usichimbe kwenye kingo za mito, kwani zinalindwa kisheria. Fukia mashimo uliyomaliza. Shimo lililojaa maji ni hatari kwa watoto na mifugo. Kuni za Msitu wa Kakamega haziokotwi bila idhini ya wasimamizi wa msitu, na kukata mti humo bila kibali ni kosa. Anayepanda miti yake ya kuni leo anapunguza gharama za miaka ijayo.

Pa kuanzia wiki hii

Kabla ya kutafuta kibali au mkopo, chukua daftari na uandike mambo manne kuhusu mkupuo mmoja tu wa kazi yako: ulichonunua na bei yake, siku ulizotumia, vitu vilivyotoka vizima, na pesa zilizoingia. Gawa kama tulivyofanya hapo juu. Kama jibu linakufurahisha, peleka daftari hilo kwa afisa wa biashara wa kaunti ndogo yako uulizie hatua inayofuata. Kama linakuhuzunisha, usiache kazi yako. Mkupuo ujao, badilisha kitu kimoja: njia ya kukausha, bidhaa, soko au bei. Kisha uhesabu tena.

Mteja atakapokuuliza, "Mama, hiki ni pesa ngapi?" utakuwa na jibu unaloweza kulieleza, na hutalazimika kulipunguza kwa aibu.