Sikio la Injinia, Sikio la Fundi

Dereva wa Fomula 1 hukaa peke yake garini, lakini haendeshi peke yake. Masikioni mwake imo sauti ya injinia wake, kama Peter Bonnington, aliyekuwa na Lewis Hamilton kule Mercedes kwa zaidi ya miaka kumi. Vipima vya gari humletea injinia joto la tairi na la breki papo hapo, ila havimwambii dereva anahisi nini kwenye kona. Dereva akilalamika kwamba nyuma inateleza, injinia ndiye wa kupambanua kama kosa ni la tairi, la springi au la mguu wa dereva mwenyewe. Wapo wanaoona huko ni kumbebea dereva kazi yake. Mwaka 2016 wakuu wa mchezo walibana mazungumzo ya redio. Dereva Nico Rosberg akaongezewa sekunde 10 kwenye mbio za Silverstone kwa sababu timu ilimwelekeza namna ya kuikwepa gia iliyoharibika, akashuka kutoka nafasi ya pili hadi ya tatu. Kabla mwezi huo wa Julai haujaisha, masharti mengi yalikuwa yamelegezwa. Gari lilikuwa limeshakuwa kazi ya wawili.

Kazi hiyo ya kusikiliza lalamiko na kulitafutia chanzo kwenye chuma si ngeni katika mitaa ya Nairobi ya Kawangware na Kibera. Dereva wa matatu ya namba 46 au namba 8 humwambia fundi gari linavuta kushoto, na uchunguzi huanzia hapo. Atakayesema fundi wa jua kali si injinia ana hoja: hesabu hakuzisomea, na kosa lake hulipwa na abiria. Lakini dereva Joginder Singh alijifunza spana katika gereji ya baba yake Nairobi, kisha mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant wakashinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika. Akashinda tena 1974 na 1976. Ujuzi wa gereji ulimfikisha mbali (kipaji pia, bila shaka).

Pengo kubwa, kwa maoni yangu, ni kumbukumbu. Injinia huandika kila badiliko na matokeo yake. Mafundi wengi hutegemea kichwa, na fundi akihama, elimu yote huhama naye. Wenye gereji, nunueni daftari: andikeni namba ya gari, lalamiko la dereva na kilichobadilishwa.