Fahamu: Ushuru wa ada za simu na mwanauchumi Njuguna Ndung'u

Ni ushuru gani?

Hutozwa kwenye ada ya kutuma pesa kwa simu, si kwenye pesa zenyewe. Ada ikiwa shilingi 20 kabla ya ushuru, 15% ni shilingi 3. Ulianza Kenya mwaka 2013 kwa 10%, ukawa 12% mwaka 2018, kisha 15% mwaka 2023.

Njuguna ni nani?

Profesa Njuguna Ndung'u alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya tangu 2007, mwaka M-Pesa ilipozinduliwa, hadi 2015. Mwaka 2019 aliandika kuhusu ushuru wa miamala ya simu, akionya kwamba unaweza kuwarudisha maskini kwenye pesa taslimu. Alipokuwa Waziri wa Fedha, ushuru huohuo ulipandishwa. Waziri ana pengo la bajeti la kuziba, na hilo halifuti hoja ya msomi.

Kwa nini tuutazame ushuru huu kutoka Industrial Area, Nairobi?

Jioni, kibarua anatoka kiwandani Lunga Lunga Road akirudi mtaa wa Mukuru. Anamlipa mama mboga kwa simu, anatuma mia tano nyumbani, anapunguza deni la kodi ya nyumba. Ni miamala midogo midogo, na kila ada inauma kuliko kwa meneja anayetuma elfu ishirini. Basi anasubiri atume mara moja kwa wiki, au anampa noti jirani anayesafiri. Tabia hiyo ndiyo inayostahili kupimwa kabla ya kiwango kuguswa tena.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza 20%. Uliondolewa Juni 2024 baada ya maandamano.