Tumshukuruje Mhudumu wa Afya?

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Hakuna kati yetu anayependa kufananishwa na punda. Hata hivyo, mara nyingi muuguzi aliyejitoa kupita wajibu wake huhamishwa kituo na kuondoka kijijini bila kuambiwa asante.

Wasomaji wetu wa Gulwe wanaikumbuka tarehe 24 Juni 2002. Treni ya abiria iliyokuwa ikipanda kuelekea Igandu ilirudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo upande wa Msagali, stesheni inayofuata baada ya Gulwe kwa anayekwenda Dodoma. Watu 281 walipoteza maisha na mamia walijeruhiwa. Idadi hiyo ya marehemu tunaijua. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kumtaja hata muuguzi mmoja aliyewahudumia majeruhi?

Zipo siku za kuwaenzi watumishi. Kila Mei Mosi waajiri huwazawadia wafanyakazi bora, na tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, ni Siku ya Wauguzi Duniani. Tatizo ni kwamba ofisi huona taarifa na mahudhurio. Mkunga wa zahanati anayeamshwa usiku wa manane huonekana na mgonjwa na ndugu zake tu. Hao ndio mashahidi, na kamati ya parokia inaweza kuufikisha ushahidi wao panapohusika.

Ushahidi mzuri hutaja tendo. Mwaka 2022 muuguzi wa Kenya, Anna Qabale Duba wa Marsabit, alipata huko Dubai tuzo ya kimataifa yenye thamani ya dola 250,000. Kilichotajwa ni kazi iliyoonekana: shule aliyoianzisha kijijini kwao, ambamo watoto husoma mchana na wazazi jioni, pamoja na juhudi zake za kupinga ukeketaji.

Kwa hiyo tunashauri kamati zifanye yafuatayo:

1. Zikusanye ushuhuda wa wagonjwa: nani alifanya nini, lini na wapi. "Ni mchapakazi" haitoshi. "Alimsindikiza mjamzito hadi hospitali ya wilaya wakati mto umefurika" inatosha.
2. Zipeleke barua kwa kamati ya usimamizi ya zahanati, na nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ili iwekwe kwenye jalada la mtumishi.
3. Zisome barua hiyo mbele ya watu. Wamkumbuke pia mfanya usafi na mlinzi, ambao husahaulika.

Jambo moja tulikwepe. Mgonjwa asimpe mhudumu bahasha wala kuku faraghani. Leo ni shukrani, kesho inakuwa desturi, na keshokutwa mama asiye na kitu ataogopa kuja kujifungua. Sera ya Afya ya 2007 iliwasamehe wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 kulipia huduma, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka huohuo inakataza hongo. Shukrani ya jumuiya, iliyotolewa hadharani, haimnyimi mtu zamu yake.

Kwa wafadhili wetu: sifa peke yake haimpumzishi aliyechoka. Mhudumu anayefanya kazi ya watu watatu tukimwita shujaa kisha tukamwacha vilevile, tumemwongezea mzigo. Kabla ya kuchapisha cheti, muulizeni anahitaji nini. Huenda ni taa ya sola katika chumba cha kujifungulia, tangi la maji ya mvua, au ukarabati wa nyumba yake. Vitu hivyo vitamsaidia yeye, na atakapohamishwa vitamfaa atakayempokea.

Tunaziomba kamati zianze na barua moja tu kabla ya Mei Mosi ijayo. Karatasi na kalamu havigharimu kitu kikubwa.